Je, mnara wa Malindi ni ule ule wa Vasco da Gama?

Swali: “Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, niko Lisbon mwaka wa pili wa masomo. Nyumbani tulikuwa tukipelekwa na shule kuuona Mnara wa Vasco da Gama. Hapa Lisbon, kando ya mto, kuna mnara mkubwa mno unaoitwa Padrão dos Descobrimentos, na mwenzangu mmoja Mreno kaniambia kwamba huo wa kwetu nao ni ‘padrão’ vilevile. Naomba unieleze: wa kwetu ni ule ule aliousimamisha Vasco da Gama? Hii miwili inahusiana vipi? Na kwa nini sisi tunaendelea kuutunza?”

Marahaba, mwanangu, na pole kwa baridi ya huko.

Jibu fupi nitalitoa kwanza, kisha tukae tuzungumze. Msalaba ulioko juu ya mnara wa Malindi ni wa Kireno kweli na ni wa kale. Umechongwa kwa jiwe la chokaa lililotoka huko huko Lisbon uliko. Kiwiliwili cheupe kinachoubeba ni kazi ya mikono mingine. Rasini unakosimama leo siko ulikowekwa mara ya kwanza. Na ule mwaka ambao waongoza watalii huutaja, 1498, si mwaka wake.

Mwenzako naye amesema kweli. Ni padrão. Ila neno hilo lina uzito ambao hata Wareno wengi wa leo wameusahau, kwa sababu katika Kireno cha sasa padrão ni kigezo, kipimo, mtindo. Kwa mabaharia wa karne ya 15 lilikuwa jina la kitu kimoja mahususi: nguzo ya jiwe, kichwani ina bonge la mraba lenye nembo ya mfalme wa Ureno na maandishi, na juu ya bonge hilo msalaba. Kabla ya hapo manahodha wao walisimamisha misalaba ya mbao, na mbao katika pwani ya Afrika unajua zinavyofanywa na mchwa na chumvi. João wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1481, aliamuru sasa yawe mawe, yenye urefu wa watu wawili, na maandishi yawe ya Kilatini na Kireno. Nguzo zilichongwa nyumbani, zikapakiwa zikiwa tayari, zikasafirishwa kama shehena.

Hebu fikiria merikebu za wakati ule, ndogo, mabaharia wanapimiana maji ya kunywa, na humo chini mna jiwe. Moja ya nguzo hizo iliyohifadhiwa ina urefu wa mita tatu na nusu hivi na uzito unaozidi tani moja. Nani atabeba mzigo wa namna hiyo miezi na miezi kwa ajili ya ukumbusho tu? Ukitaka kuielewa padrão, usianzie kwenye mnara, anzia kwenye bikoni. Unazijua bikoni, yale mawe ya zege ambayo mpima ardhi huyafukia kwenye pembe za kiwanja, na majirani wakafikishana mahakamani kwa sababu moja imesogezwa usiku. Padrão ilikuwa bikoni ya ufalme. Atakayepita baadaye aone nembo, asome, ajue kwamba pameshachukuliwa.

Na huyo wa kusoma hakuwa Mswahili. Malindi ya wakati ule ilisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Kilatini kingemfaa nani? Maneno yale yaliandikwa kwa ajili ya Wahispania na Wazungu wengine, ambao Ureno ilikuwa inashindana nao hadi ikafunga na Hispania mkataba wa Tordesillas mwaka 1494 na kugawana bahari ambazo hawakuwa wameziona bado. Sisi tuliozikalia pwani hizo tulikuwa ndani ya kiwanja, tumehesabiwa pamoja na mikoko.

Wa kwanza kuzisimamisha alikuwa Diogo Cão. Katika safari yake iliyoanza mwaka 1482 aliweka moja kwenye mdomo wa mto Kongo. Watu wake walichonga pia nembo na majina yao katika mwamba karibu na maporomoko ya Yelala, juu kidogo ya Matadi, pale mto ulipowazuia kwenda mbele. Safari ya pili akafika pwani ya Namibia ya leo na kuweka nguzo mahali ambapo mpaka sasa panaitwa Cape Cross, yaani Rasi ya Msalaba. Hiyo ndiyo ile ya tani moja. Tarehe yake imeandikwa kwa hesabu mbili: mwaka 6685 tangu kuumbwa ulimwengu, na 1485 tangu kuzaliwa Kristo. Wajerumani walipoikalia Namibia waliikuta, wakaing'oa mwaka 1893 na kuipeleka kwao, wakaweka nyingine mahali pake. Bikoni ya mtu mwingine kwenye shamba lako huiachi. Mwaka 2019 makumbusho ya historia ya Berlin yaliyokuwa yakiihifadhi yalitangaza kwamba itarudishwa Namibia.

Kuna tukio moja ambalo hulitaja kila ninapofundisha habari hizi. Desemba 1497 Vasco da Gama alitia nanga katika ghuba waliyoiita São Brás, leo Mossel Bay, Afrika Kusini. Wakasimamisha msalaba na nguzo. Shajara ya safari ile, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwamo melini, inasimulia kwamba siku ya kuondoka waliwaona kwa macho yao watu kumi au kumi na wawili wa pale wakiviangusha vyote viwili, merikebu zingali zinaonekana. Wachungaji wa Kikhoi hawakuhitaji mkalimani.

Sasa twende kwetu.

Aprili 7, 1498 da Gama yuko mbele ya Mombasa, na mambo hayakwenda vizuri; alitoka pale akiwa hamwamini mtu. Siku saba baadaye, mkesha wa Pasaka, akatia nanga nje ya Malindi. Mtawala wa Malindi alikuwa na uadui wa muda mrefu na Mombasa, na wageni wenye mizinga waliogombana na adui yako hawaji kila siku. Hakuwa mjinga, na wala hakuwa mtu wa kushangaa meli. Miaka 83 kabla ya hapo, mwaka 1415, twiga aliyetoka Malindi alikuwa ameshafikishwa kwa mfalme wa China. Nakwambia haya kwa sababu pale rasini bado utasikia mtu akiwaambia wageni kwamba Vasco da Gama ndiye “aliyeigundua” Malindi.

Walikutana majini, kila mmoja katika chombo chake, kwa kuwa da Gama hakukubali kushuka. Mtawala alikuja na mwavuli mkubwa, amekaa kwenye kiti cha shaba chenye mito, na wapiga muziki wake. Mwandishi wa shajara aliona kitu ambacho hakukijua jina, akakieleza alivyoweza: pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, kila moja ndefu kama kimo cha mtu, zinapulizwa kupitia tundu lililo ubavuni. Wewe na mimi tunakijua jina. Ni siwa. Kila ninapofika kwenye mstari huo moyo hunienda mbio, maana Mreno huyu asiyejua lolote kutuhusu ametuachia bila kukusudia picha ya enzi ya Malindi: mtawala anapokea mgeni, siwa zinalia.

Kisha mtawala akampa kile alichokuwa amekikosa pwani yote, rubani wa kumvusha bahari. Utasikia watu wakisema rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo. Wataalamu wengi hawakubali tena. Maandishi ya Kireno ya karne ya 16 yanamtaja kuwa Mgujarati. Mwandishi wa historia wa Kireno, João de Barros, anamwita Malemo Cana, kana kwamba ni jina na jina la baba. Lakini litamke polepole, mwanangu. Malemo. Ni maalim, cheo cha yule mjuzi wa nyota na njia katika jahazi, cheo ambacho wazee wetu wa bahari wamekitumia hadi zama zetu. Na Cana hulinganishwa na neno la Kihindi la mnajimu, mtu wa kupiga hesabu za nyota. Yaani Wareno waliandika cheo mara mbili, kwa lugha mbili, wakadhani wameandika jina. Jina lake lenyewe halikuandikwa popote.

Kazi yake lakini inapimika. Waliondoka Malindi Aprili 24, kusi ikianza kushika, na katika siku 23 wakaiona nchi ya India. Kurudi hawakusubiri msimu. Waling'oa nanga Oktoba, kabla kaskazi haijakaa sawa, jambo ambalo mtoto yeyote wa mvuvi angewakataza. Wakakaa baharini miezi mitatu kasoro siku tatu, upepo umekufa au unawarudisha nyuma. Ufizi ukawavimba na kufunika meno, miguu ikawajaa maji. Ndiyo kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko tu, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi.

Ndivyo walivyoingia Malindi Januari 7, 1499. Kitu cha kwanza wagonjwa walichokitamani kilikuwa machungwa, na da Gama akatuma mtu pwani kuyatafuta; kesho yake yakaletwa pamoja na matunda mengine. Wengine walikufa hapo hapo. Katika siku hizo tano, na hali hiyo, ndipo nahodha alipopeleka ombi kwa mtawala: ampe pembe ya ndovu ya kumpelekea mfalme wake, na aruhusu nguzo isimamishwe nchi kavu iwe alama ya urafiki. Mtawala akajibu kwamba atafanya hivyo kwa mapenzi aliyonayo kwa mfalme wa Ureno. Akatoa pembe, akaamuru nguzo iwekwe.

Kwa hiyo shajara yenyewe inaweka nguzo ya Malindi katika Januari 1499, safari ya kurudi. Na angalia ilivyowekwa: kwa idhini, kwa amri ya mwenye mji, na wenye merikebu wakiwa hoi. Siku chache baadaye, Januari 13, waliichoma moto wenyewe merikebu São Rafael karibu na Mtangata, pwani ya Tanga, kwa sababu hawakuwa tena na watu wa kutosha wa kuendesha merikebu tatu. Hao ndio “washindi” wa picha zile za vitabuni. Mtawala wa Malindi aliona mbele yake wagonjwa wenye mizinga wanaoomba kusimamisha jiwe, akahesabu kwamba jiwe halimgharimu kitu. Yeye alisikia neno urafiki. Jiwe lilikuwa limechongwa Lisbon kabla hajajulikana kuwa yupo, na nembo iliyokuwamo haikuwa yake.

Nguzo ile ya kwanza iliwekwa mjini, na haikudumu. Msalaba uliosimama katikati ya mji wa Waislamu, karibu na makao ya mtawala, uliwaudhi watu, ukaondolewa, lakini haukuvunjwa. Baadaye katika karne ya 16 Wareno wakausimamisha upya kule rasini, nje ya mji, mahali ambapo vyombo vinavyoingia ghubani vinauona. Kwa bikoni, hapo ni pazuri zaidi kuliko pale pa mwanzo. Mwaka 1873 nahodha mmoja wa manowari ya Kiingereza, HMS Briton, aliukuta umechakaa akaufanyia ukarabati, na lile umbo la pia lililojengwa kuzunguka kuukinga ndilo tunalolijua. Kwa hiyo ukisimama mbele yake unatazama tabaka: juu jiwe la Lisbon, chini yake matumbawe ya kwetu yaliyounganishwa kwa chokaa, na nje koti la karne ya 19 na rangi nyeupe za miaka yote iliyofuata. Ukienda tena nyumbani, subiri jua la saa kumi na moja jioni liupige msalaba kwa ubavu. Nembo ya Ureno iliyochongwa pale, ambayo saa sita mchana huioni, hutoka kwa kivuli.

Urafiki wa Malindi na Wareno ulidumu karibu miaka mia, na kuna siku ulionekana umelipa. Mombasa ilipoanguka, Wareno waliwachukua watawala wa Malindi wakawakalisha Mombasa kuwa masultani, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Fort Jesus, kwa michoro ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Lakini aliyekaribishwa na mwenye ngome huishi kwa ridhaa ya mwenye ngome. Sultani Hasan bin Ahmad wa ukoo huo aligombana na kapteni wa ngome, akakimbia, akauawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf, akiwa mtoto mdogo, akapelekwa Goa, kituo cha Wareno huko India, akabatizwa kwa jina Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala kama mtu wao. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, na Wareno wa Mombasa wakamalizwa. Ukoo uliosema sawa, wekeni jiwe lenu, ndio uliozaa mtu huyo.

Baada ya hapo Wareno walirudi, na wakaandika jiwe jingine. Liko juu ya lango la Fort Jesus, na watu hupita chini yake bila kuinua kichwa. Linasema kwamba mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira, akiwa na umri wa miaka 27, alifanywa kapteni. Kwamba aliwarudisha watu wa pwani hii katika utii baada ya uasi wa mfalme wao. Kwamba aliwaadhibu Pate na Siyu hadi kuta za miji zikabomolewa. Kwamba aliwaadhibu Muzungulos, jina walilowaita watu wa bara ya Mombasa. Kwamba Pemba aliwaua viongozi kwa uamuzi wake mwenyewe. Na kwamba kwa kazi hiyo mfalme akampa heshima. Tarehe ya mwisho ni 1639. Mimi nikimpeleka mtu kuona alama za Wareno pwani humpeleka kwanza hapo, ndipo twende Malindi. Jiwe la Malindi limenyamaza. La Mombasa linasema.

Sasa mnara wenu wa Lisbon. Una umri mdogo kuliko bibi yako. Ulijengwa mara ya kwanza mwaka 1940 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, msanifu akiwa Cottinelli Telmo na mchongaji Leopoldo de Almeida, kwa vyuma na plasta, vitu vya kuondolewa. Mwaka 1943 ukavunjwa. Ukajengwa upya kwa zege na mawe, ukafunguliwa Agosti 1960, miaka 500 tangu kufa kwa mwanamfalme Henrique, yule ambaye vitabu vyetu vya shule humwita Henry Baharia. Una kimo cha mita 56. Umbo lake ni merikebu inayotaka kuingia mtoni, Henrique amesimama mbele na kijimerikebu mkononi, nyuma yake pande zote mbili wamepanga watu 32. Vasco da Gama yumo, Diogo Cão yumo, mshairi Camões yumo. Mwanamke ni mmoja tu, Filipa, mama yake Henrique. Maalim wa Malindi hayumo. Hakuna Mwafrika, hakuna Mwarabu, hakuna Mhindi. Zunguka upande wa kaskazini, uliko mlango, uutazame kwa mbali: utaona upanga mkubwa unaosomeka kama msalaba. Hapo ndipo padrão ya zamani ilipojificha ndani ya mpya.

Jiulize kwa nini 1960. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Kongo jirani ya Angola ikiwa mojawapo. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zinafunga virago, na Salazar akasema hatoki. Serikali iliyotaka kuamini kwamba Angola na Msumbiji ni mikoa ya Ureno ilihitaji bikoni mpya, safari hii iliyosimamishwa nyumbani, isomwe na Wareno wenyewe na dunia iliyokuwa ikiwasema. Ile dira kubwa ya marumaru uliyoikanyaga uwanjani, yenye kipenyo cha mita 50 na ramani ya dunia katikati, ni zawadi ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, mwaka huo huo 1960. Februari 1961 vita vikaanza Angola. Septemba 1964 vikaanza Msumbiji, na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikuwa wakifunzwa kwetu huku Afrika Mashariki, Kongwa na Nachingwea nchini Tanzania. Mwaka 1975 yote yakaisha. Luanda walimshusha Diogo Cão kutoka alipokuwa amesimamishwa. Sanamu yake sasa imo ndani ya ngome ya São Miguel pamoja na za wenzake.

Kuna mtu mmoja katika wale 32 ambaye nataka umtafute. Anaitwa Gomes Eanes de Zurara, mwandishi wa mfalme. Yeye ndiye aliyeeleza kwa kalamu yake siku ya Agosti 8, 1444, katika mji wa Lagos kusini mwa Ureno, waliposhushwa mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi wagawanywe. Anaeleza jinsi kina mama walivyowashika watoto wao na kulala juu yao chini wasitenganishwe. Anaeleza pia kwamba Henrique alikuwapo, juu ya farasi, na fungu lake, sehemu moja ya tano, lilikuwa watu 46. Zurara alimpenda Henrique na aliandika kumsifu, ndiyo maana nauamini zaidi ushahidi wake. Mwandishi huyo amechongwa kwenye mnara ule ule, nyuma ya yule aliyemwandika, na wapita njia hawamjui.

Wareno wenyewe wanaubishania. Agosti 2021 mtu alipuliza rangi ubavuni mwa mnara, kwa Kiingereza, maneno kwamba wanasafiri kipofu kufuata fedha huku ubinadamu ukizama katika bahari iliyogeuka nyekundu. Yalisafishwa. Kabla ya hapo, mwaka 2017, wakazi wa Lisbon walipigia kura katika bajeti shirikishi ya jiji mradi wa ukumbusho wa watu waliofanywa watumwa, na kazi iliyochaguliwa ni ya msanii wa Angola, Kiluanji Kia Henda. Mwulize mwenzako mradi huo umefikia wapi. Atajua kuliko mimi.

Umeniuliza kwa nini tunautunza wa kwetu. Wapo waliowahi kuniambia uso kwa uso kwamba tuuangushe, na siwalaumu. Wale Wakhoi wa Mossel Bay walikuwa na haki yao na waliitumia kwa wakati wake. Lakini mimi ningelia ukianguka, na bahari inaila rasi ile kila kusi. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yanayoulinda yanalinda ushahidi. Ukiondoka, simulizi ya waongoza watalii itabaki bila kitu cha kuipinga: watasema Vasco da Gama alikuja, akagundua, akajenga mnara. Ukiwapo, naweza kumshika mwanafunzi mkono nikamwonyesha jiwe lililochongwa kwao, na kumwuliza lilikuwa linamwambia nani, nini. Ninachokitaka ni maandishi mapya ya maelezo pale chini, kwa Kiswahili kwanza. Yataje Januari 1499. Yataje mtawala aliyetoa idhini, na machungwa. Yataje kwamba mtu mmoja mwenye cheo cha maalim alivusha merikebu zile kwa siku 23, na kwamba waliomtumia hawakuandika jina lake. Na yataje Yusuf bin Hasan. Nimeliandika ombi hilo zaidi ya mara moja na nitaendelea kuliandika.

Kwa kuwa uko Lisbon, nakupa safari mbili ambazo mimi nilizifanya mara moja tu maishani. Nenda Sociedade de Geografia, mtaa wa Portas de Santo Antão, uulize saa za kuingia. Pale imehifadhiwa padrão halisi ya Diogo Cão, ile ya Santo Agostinho aliyoisimamisha pwani ya Angola mwaka 1483. Utaona umbo kamili ambalo la Malindi limelipoteza: nguzo, bonge, nembo, maandishi. Ukimaliza utaelewa kwa nini nimesema bikoni.

Kisha nenda makumbusho ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga. Usikimbilie michoro. Tafuta chombo cha kanisa cha dhahabu na rangi ya kuchoma, kinaitwa Custódia de Belém, kimo chake kama sentimita 73, kina mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo kama kidole. Ni kazi ya fundi Gil Vicente. Mwaka 1502 da Gama alirudi pwani yetu akiwa na merikebu nyingi na bila kiseyeye. Safari hii hakuomba kuweka jiwe. Alimtishia mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, mpaka akatoa dhahabu ya kodi. Dhahabu hiyo ndiyo iliyoyeyushwa. Inama hadi macho yako yalingane na kitako cha chombo, uzunguke nacho polepole, maana maandishi yanazunguka. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Jina la Kilwa wameliandika kwa namna yao. Ukiliona neno hilo, nipigie picha unitumie, ile yangu ilitoka na ukungu wa kioo.